Akaunti za SFTP Zilizofungiwa Folda Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa anayetunza seva ya kupokea mafaili: kampuni ya utalii ya Arusha inayokusanya nakala za pasipoti za wageni kutoka ofisi yake ya Karatu, kiwanda cha kukoboa kahawa cha Moshi kinachopokea orodha za mizani kutoka vyama vya msingi, maabara, shule, ofisi za wahasibu. Mbinu yao ni moja: kila mtumaji ana akaunti ya SFTP (njia ya kutuma mafaili ndani ya muunganisho wa siri wa SSH) inayomwingiza kwenye folda yake tu. Na wanapokwama, hukwama mahali palepale.

Mifano inatumia akaunti ya kubuni `kibosho`, kundi `watumaji`, kundi la wafanyakazi wa ndani `ofisi`, na folda `/srv/sftp`. Amri zote zinaendeshwa na root (mtumiaji mkuu wa seva) au kwa `sudo`. Pale Debian na Ubuntu zinapotofautiana na familia ya Red Hat, tumesema.

## Misingi

1. Akaunti iliyofungiwa ina tofauti gani na SSH ya kawaida?

Akaunti ya kawaida ya SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) inampa mtu ganda la amri, na kupitia hilo anaweza kusoma kila kitu ambacho ruhusa za seva hazijakificha. Akaunti iliyofungiwa inabadilisha mambo mawili. Kwanza, `ChrootDirectory` inafanya folda mojawapo ionekane kwa mtumiaji kama ndiyo mzizi wa mfumo mzima. Akiandika `/` anaona folda hiyo, na juu yake hakuna kitu. Kufungiwa huku ndiko tunakokuita kizuizi. Pili, `ForceCommand internal-sftp` inamlazimisha kutumia SFTP tu, hata akiomba kitu kingine. Mambo haya yamo ndani ya OpenSSH, programu ya SSH iliyomo kwenye seva nyingi, tangu 2008, kwa hiyo huhitaji programu ya ziada.

Kwa nini kuhangaika? Kwa sababu kwenye seva hiyohiyo kuna malipo ya wakulima na pasipoti za wageni, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuziacha wazi si uzembe wa kiufundi tu.

2. Ni mpangilio gani mfupi zaidi unaofanya kazi?

Ndani ya `/etc/ssh/sshd_config`, mwishoni kabisa mwa faili:

```
Subsystem sftp internal-sftp

Match Group watumaji
    ChrootDirectory /srv/sftp/%u
    ForceCommand internal-sftp -u 0007
    AuthorizedKeysFile /etc/ssh/funguo/%u
    AllowTcpForwarding no
    AllowAgentForwarding no
    X11Forwarding no
```

Mstari wa `Subsystem` huwa tayari upo kwenye faili. Ubadilishe, usiongeze wa pili, maana `sshd` (programu ya seva ya SSH) ikikuta miwili inaweza kugoma kuwaka, au kuupuuza wa pili. Kisha tengeneza akaunti na folda:

```
groupadd watumaji
groupadd ofisi
useradd -M -g watumaji -d /pokea -s /usr/sbin/nologin kibosho
install -d -o root -g root -m 755 /srv/sftp/kibosho
install -d -o kibosho -g ofisi -m 2770 /srv/sftp/kibosho/pokea
install -d -o root -g root -m 755 /etc/ssh/funguo
```

Folda ya nje ni ya root, folda ya ndani ni ya mtumaji. Tofauti hiyo ndiyo moyo wa jambo zima, na swali la 5 linaeleza sababu yake. Nyumbani kwa akaunti pameandikwa `/pokea` kwa sababu baada ya kufungiwa, seva inajaribu kumpeleka mtumiaji huko, kwa hesabu ya mzizi wake mpya.

Kabla ya kuiwasha upya endesha `sshd -t`. Isipotoa neno lolote, faili limesomeka sawa. Ndipo uendeshe `systemctl reload ssh` (kwenye Red Hat ni `sshd`). Acha dirisha lako la sasa la SSH wazi mpaka umejaribu kuingia upya kutoka dirisha jingine. Seva ikiwa kwenye kituo cha data Dar es Salaam na wewe uko Moshi, kosa la herufi moja hapa linaweza kukugharimu safari ya siku nzima.

Kuhusu mistari mitatu ya mwisho: ipo `DisableForwarding` inayodai kuzima yote kwa pamoja, lakini kabla ya toleo la 10.0 la mwaka 2025 haikuzima kupitisha X11 na wakala wa funguo kama ilivyoahidi. Andika yote matatu waziwazi.

3. FTP, FTPS na SFTP si kitu kilekile?

Hapana. FTP na FTPS ni itifaki moja, ya pili ikiwa imefungwa kwa TLS, na kwa kawaida huanzia poti 21 au 990. SFTP ni kitu kingine kabisa, kinapita ndani ya SSH, poti 22. Mtumaji akikwambia "inakataa kuunganisha", muulize kwanza kwenye FileZilla amechagua itifaki gani. Kama seva yako ni ya FTP kweli, ruka hadi swali la 21.

4. Nianzie wapi kutafuta tatizo?

Kwenye logi ya seva, si kwenye ujumbe anaouona mtumaji. OpenSSH inamficha mtumaji sababu kwa makusudi, ili mvamizi asijue kama amekosea jina, nenosiri au kundi. Ndiyo maana picha ya skrini inayotumwa kwa WhatsApp haikusaidii sana, lakini saa aliyojaribu na jina la akaunti vinakusaidia mno.

Kwenye Debian na Ubuntu angalia `journalctl -u ssh -f`, au `/var/log/auth.log` kama rsyslog, programu ya kuandika logi, imewekwa (Debian 12 haiji nayo). Kwenye Red Hat, AlmaLinux na Rocky ni `journalctl -u sshd -f` au `/var/log/secure`. FreeBSD inaandika `/var/log/auth.log`. Mwambie mtumaji ajaribu huku logi ikiwa wazi mbele yako.

Logi isipokutosheleza, washa seva ya pili ya majaribio bila kugusa ile kuu:

```
/usr/sbin/sshd -d -p 2222
```

Njia kamili ni lazima, ukiandika `sshd` peke yake itakataa. Ikilalamika kwamba `/run/sshd` haipo, itengeneze kwa `mkdir -p /run/sshd`. Inahudumia muunganisho mmoja kisha inajizima, na katikati inaeleza kila hatua: ilisoma faili gani la funguo, ilikubali nini, ilikataa nini. Kumbuka kufungua poti 2222 kwenye ukuta wa moto na kuifunga ukimaliza.

Chombo cha tatu ni kuuliza seva ingetumia mpangilio gani kwa mtu fulani:

```
sshd -T -C user=kibosho,host=jaribio,addr=203.0.113.7 | grep -Ei 'chroot|forcecommand|authorizedkeysfile|passwordauth'
```

Hii inamaliza ubishi wote wa "lakini nimeshaandika kwenye faili".

## Nenosiri limekubaliwa, kisha muunganisho unakatika

5. Anaandika nenosiri, linakubaliwa, halafu papo hapo `Broken pipe` au `Connection closed`. Kwa nini?

Hili ndilo swali linaloongoza. Kwenye logi utakuta mojawapo ya hizi:

```
fatal: bad ownership or modes for chroot directory "/srv/sftp/kibosho"
fatal: bad ownership or modes for chroot directory component "/srv/sftp/"
```

Kanuni haina msamaha: folda ya kizuizi, na kila folda iliyo juu yake mpaka `/`, lazima iwe ya root, na asiwepo mwingine yeyote, si kundi wala watu wengine, mwenye ruhusa ya kuandika. 755 inafaa, 711 inafaa. 775 haifai, hata kama kundi lenyewe ni root. Ujumbe wa kwanza unamaanisha kosa liko kwenye folda ya mwisho. Wenye neno `component` unakuonyesha kosa liko kwenye mojawapo ya folda za juu yake, na unaitaja.

Sababu ni ya kiusalama. Mtu anayeweza kuandika kwenye mzizi wake mwenyewe anaweza kujitengenezea humo `etc` au `lib` ya bandia na kuidanganya programu yenye mamlaka makubwa ikazisome. OpenSSH imeamua kuua muunganisho kuliko kubahatisha.

Amri inayoonyesha mnyororo wote kwa mara moja:

```
namei -l /srv/sftp/kibosho
```

Soma mstari kwa mstari. Popote asipokuwa root, au penye `w` kwenye nafasi ya kundi au ya wengine, ndipo penye kosa:

```
chown root:root /srv/sftp /srv/sftp/kibosho
chmod 755 /srv/sftp /srv/sftp/kibosho
```

Kosa hili hurudi kila mara kwa njia moja: mtumaji anasema hawezi kuweka faili, msimamizi anaendesha `chown -R kibosho /srv/sftp/kibosho` au `chmod -R 777`, na kuanzia hapo hata kuingia hakuwezekani. `-R` inabadilisha na folda ya nje pia. Usiitumie hapa hata siku moja. Dawa ya kushindwa kuandika iko swali la 14.

6. `ls -ld` inaonyesha root, nimeweka 755, na bado logi inasema `bad ownership or modes`.

Tazama kama mwishoni mwa ruhusa kuna alama ya `+`, mfano `drwxrwxr-x+`. Hiyo ina maana mtu aliweka ACL (ruhusa za ziada kwa mtumiaji au kundi fulani) kwa `setfacl`. Folda ikiwa na ACL, nafasi ya kundi haionyeshi tena ruhusa ya kundi bali kinyago cha ACL, na `sshd` inasoma namba hiyohiyo. Ukimpa mtumiaji mmoja `rwx` kwa ACL kwenye folda ya kizuizi, kwa macho ya `sshd` kundi zima linaweza kuandika. Ondoa kwa `setfacl -b /srv/sftp/kibosho`, rudisha 755, na ACL yako iweke kwenye `pokea` badala yake.

7. `Received message too long 1264677481` ni nini? Faili lenyewe ni dogo.

Namba hiyo si ukubwa wa faili. Programu ya mtumaji ilitegemea pakiti ya SFTP, ambayo baiti zake nne za kwanza ni urefu. Ikapokea maandishi, ikayasoma kama namba. Unaweza kuyarudisha:

```
printf '%x' 1264677481 | xxd -r -p
```

Jibu ni `Kari`. Mtu aliweka `echo "Karibu kwenye seva"` ndani ya `.bashrc`, na salamu hiyo inatangulia mbele ya SFTP. Ifute, au ihamishie mahali panaposomwa na madirisha ya amri tu.

Namba nyingine ya kukariri ni `1416128883`, yaani `This`, mwanzo wa sentensi ya `nologin` kwamba akaunti haipatikani. Inatokea pale `Subsystem` inapoelekeza kwenye programu ya nje kama `/usr/lib/openssh/sftp-server`, ambayo huwashwa kupitia ganda la amri la mtumiaji. Ganda likiwa `nologin`, ndilo linalojibu. `internal-sftp` haipiti kwenye ganda, kwa hiyo kwa mpangilio wa swali la 2 hutaiona. Ukiiona, mstari wa `Subsystem` bado ni wa zamani na mtumiaji hajaingia kwenye `Match` yako: nenda swali la 11.

8. `This service allows sftp connections only`. Lakini tunatuma kwa `scp`!

`scp` ya OpenSSH 9.0 (2022) na kuendelea inatumia SFTP kwa ndani, hivyo inapita. Ya zamani inahitaji kuendesha amri upande wa seva, na kizuizi hakiruhusu. Mpya nayo ikiwekewa `-O` inarudi kwenye mtindo wa zamani na kugoma vilevile. `rsync` haipiti kabisa. Kama kweli unaihitaji, usilegeze kizuizi hiki. Tengeneza akaunti tofauti yenye ufunguo uliofungwa kwa `rrsync`, skripti ya kuifungia rsync folda moja, inayokuja pamoja na rsync.

## Hawezi kuingia kabisa

9. Ufunguo uko sawa, lakini `Permission denied (publickey)`.

Funguo zinasomwa kabla mtumiaji hajafungiwa. Kwa hiyo njia ya faili la funguo ni njia halisi ya seva, si ile anayoiona mtumaji. Hapa ndipo nyumbani `/pokea` panapowachanganya watu: bila mstari wa `AuthorizedKeysFile`, seva itatafuta `/pokea/.ssh/authorized_keys` kwenye mzizi halisi, ambako hakuna kitu. Weka ufunguo wa umma kwenye `/etc/ssh/funguo/kibosho`, mmiliki root, ruhusa 644. Usiweke 600: seva inalifungua faili kwa mamlaka ya mtumiaji mwenyewe, na asipoweza kulisoma, ufunguo haupo.

Ukiendelea kutumia folda za nyumbani za kawaida, logi ikisema `Authentication refused: bad ownership or modes for directory`, kuna folda kwenye njia hiyo ambayo kundi au wengine wanaweza kuiandika. `chmod go-w` inatosha.

Kwenye Red Hat, faili la funguo lililohamishwa kwa `mv` kutoka `/root` au `/tmp` linabaki na lebo ya SELinux (ulinzi wa ziada juu ya ruhusa za kawaida) ya kule lilikotoka, na `sshd` inanyimwa kulisoma ingawa ruhusa zote ni safi. `restorecon -Rv /etc/ssh/funguo` inamaliza.

Mtumaji mwenye programu ya zamani na ufunguo wa RSA ana tatizo lake: tangu OpenSSH 8.8 (2021) sahihi za `ssh-rsa` zenye SHA-1 zinakataliwa. Logi itataja `PubkeyAcceptedAlgorithms`. Asasishe programu yake. Ufunguo wenyewe hauna kosa.

10. Nenosiri ni sahihi, nimelibadilisha mara mbili, bado linakataliwa.

Logi huwa inasema wazi:

- `none of user's groups are listed in AllowGroups`: ongeza `watumaji` kwenye mstari wa `AllowGroups`. Kumweka mtu kwenye kundi ni `usermod -aG`. Ukisahau `a`, unamwondoa kwenye makundi mengine yote ya ziada.
- `shell /sbin/nologin does not exist`: akaunti imenakiliwa kutoka seva ya aina nyingine. Angalia `nologin` iko wapi hapa, kisha `usermod -s`.
- Nenosiri limekwisha muda: `chage -l kibosho`. Kwenye SFTP mtumiaji hana mahali pa kuandika jipya, kwa hiyo muunganisho unafungwa tu.

Kama logi haisemi lolote kati ya haya na seva ni ya kukodi, tazama `/etc/ssh/sshd_config.d/`. Ubuntu inasoma folda hiyo mwanzoni mwa faili kuu, na kwenye mpangilio wa jumla thamani ya kwanza kusomwa ndiyo inayoshinda. Mara nyingi kuna `50-cloud-init.conf` yenye `PasswordAuthentication no`, na `yes` uliyoiandika chini haisikilizwi. Ukiiandika ndani ya `Match` yako, hiyo inashinda, na ni salama zaidi kuliko kuwafungulia wote.

11. Anaingia vizuri, lakini anaona `/etc`, `/home` na seva nzima.

Hajafungiwa. Ama hayumo kwenye kundi (`id kibosho`), ama `Match` haijamfikia. `Match` inaendelea mpaka `Match` nyingine au mwisho wa faili. Ukiweka mipangilio ya jumla chini yake, itawahusu watumaji tu, na wengine wote wataikosa. Endesha `sshd -T -C` ya swali la 4. Kama hakuna `chrootdirectory /srv/sftp/%u` kwenye majibu, mpaka urekebishe, zuia akaunti hiyo kwanza kwa njia ya swali la 22.

12. Asubuhi wote walikuwa wanaingia. Sasa ofisi nzima ya Karatu haiwezi, hata kwa akaunti tofauti.

Ofisi nzima inatoka na anwani moja ya IP. Kompyuta moja yenye nenosiri la zamani kwenye ratiba ya kujituma yenyewe inatosha kuwafungia wote. fail2ban, programu ya kufungia anwani zinazokosea kuingia, kwa mipangilio yake ya kawaida inafunga anwani dakika 10 baada ya makosa 5 ndani ya dakika 10. Kompyuta hiyo ikijaribu tena, wanafungiwa tena.

```
fail2ban-client status sshd
fail2ban-client set sshd unbanip 203.0.113.7
```

Kufungua bila kutafuta kompyuta yenye kosa ni kazi bure; logi inaonyesha ni akaunti gani inajaribu. Kama ofisi ina IP ya kudumu, iweke kwenye `ignoreip`. Kwa intaneti ya simu usifanye hivyo, kwa sababu anwani hiyo mnaweza kuwa mnaitumia na watu msiowajua.

OpenSSH 9.8 (2024) nayo ilileta adhabu zake yenyewe, `PerSourcePenalties`, na zinawashwa bila kuulizwa. Kama fail2ban haipo na bado anwani inakataliwa kwa muda, hapo ndipo pa kutazama. Msamaha unaandikwa kwenye `PerSourcePenaltyExemptList`.

13. Umeme ulikatika, ukarudi, na sasa hakuna anayeingia isipokuwa root.

Seva ikiwa bado inawaka, systemd inaweka `/run/nologin` na watu wa kawaida wanaambiwa `System is booting up`. Subiri dakika chache. Ikizidi, kuna huduma iliyokwama. `systemctl list-jobs` itaitaja, mara nyingi ni diski ya nje au folda ya mtandao isiyopatikana. Angalia pia `/etc/nologin`: hiyo huwekwa na mtu wakati wa matengenezo na haiondoki yenyewe.

## Ameingia, lakini faili halikai

14. `Permission denied` akipakia faili.

Anajaribu kuliweka kwenye `/`, ambayo kwa kanuni ya swali la 5 si yake. Pa kuweka ni `/pokea`. Kama amezoea kutua kwenye `/`, tumia `ForceCommand internal-sftp -u 0007 -d /pokea`. Akikwama hata ndani ya `/pokea`, basi mmiliki wa folda hiyo si yeye: `chown kibosho:ofisi /srv/sftp/kibosho/pokea`, bila `-R`.

15. Faili limefika, lakini mhasibu wa ofisini hawezi kulifungua.

2 ya mbele kwenye 2770 inafanya kila faili jipya lirithi kundi `ofisi`, na `-u 0007` inaliachia kundi ruhusa. Lakini umask, yaani hiyo `-u`, hupunguza ruhusa tu, haiongezi. Faili lililokuwa 600 kwenye Linux ya mtumaji linafika 600, kwa sababu `sftp` ya OpenSSH hutuma ruhusa za faili la asili. Mtumaji abadilishe upande wake kwa `chmod 660`, au uweke kazi ya ratiba upande wa seva:

```
find /srv/sftp/*/pokea -type f ! -perm -g+r -exec chmod g+r {} +
```

16. Faili kubwa hukatikia katikati.

Mtandao wa simu ukiyumba, au umeme ukizimika, kinachobaki ni nusu ya faili. Kwenye `sftp` mtumaji aandike `reput orodha.zip`, itaendelea ilipoishia. FileZilla nayo ina kuendeleza. Sharti faili la asili liwe halijabadilika, vinginevyo utapata kichwa cha jana na mkia wa leo. Linganisha `sha256sum` pande zote mbili kwa chochote kinachohusu fedha.

Hatari iliyojificha ni mfumo wako wa ndani kusoma faili kabla halijafika lote, na mkulima akalipwa kwa orodha iliyokatika. Watumaji wapakie kwa jina la muda, mfano `orodha.sehemu`, kisha wabadilishe jina likikamilika. Mfumo usiguse chochote chenye `.sehemu`. WinSCP hufanya hivyo yenyewe kwa mafaili makubwa, ikitumia `.filepart`.

Kuzuia miunganisho iliyokufa kubaki, ongeza `ClientAliveInterval 60` kwenye `Match`.

17. Anapata neno moja tu: `Failure`.

Mara nyingi diski imejaa. `df -h /srv`, na kama kuna nafasi, `df -i`: mafaili madogo mengi humaliza inodi (nafasi za kuorodhesha mafaili) kabla ya gigabaiti. Kama umeweka mgao wa diski, `quota -u kibosho`.

## Mambo ya pembeni

18. Nataka watumaji wawili waone folda moja. Nimeweka kiungo, hakifunguki.

Kiungo cha alama kinachotoka nje ya kizuizi hakina pa kwenda. Kwa aliyefungiwa, njia hiyo haipo duniani. Tumia kuunganisha folda, ndani ya `/etc/fstab`:

```
/data/mnada  /srv/sftp/kibosho/mnada  none  bind  0  0
```

Tengeneza kwanza folda tupu `mnada`, kisha `mount /srv/sftp/kibosho/mnada`. Iache folda hiyo tupu ikiwa ya root na 755. Siku muunganiko usipopanda baada ya seva kuwaka, watumaji watakataliwa na utajua mara moja, kuliko mafaili kuingia kwenye folda iliyo chini na kutoweka machoni muunganiko ukirudi.

19. Saa za mafaili ziko nyuma kwa saa 3.

Ndani ya kizuizi hakuna `/etc/localtime`, kwa hiyo seva inarudi kwenye UTC. Faili lililowekwa saa nne asubuhi linaonekana 07:00. Nakili majira ndani:

```
install -d -m 755 /srv/sftp/kibosho/etc
cp -L /etc/localtime /srv/sftp/kibosho/etc/
```

FileZilla na WinSCP hupiga hesabu zenyewe, hivyo mmoja anaweza kulalamika na mwenzake asione shida.

20. Nitajuaje nani aliweka au kufuta faili gani?

Ongeza `-l INFO` kwenye `ForceCommand`. Kama baada ya kufungiwa logi inanyamaza, programu haina `/dev/log` ya kuandikia. Tengeneza folda `dev` ndani ya kizuizi na uiambie rsyslog, kwenye `/etc/rsyslog.d/sftp.conf`:

```
input(type="imuxsock" Socket="/srv/sftp/kibosho/dev/log" CreatePath="on")
```

Moduli ya `imuxsock` huwa imeshapakiwa kwenye faili kuu. Washa upya rsyslog, na utaona `open`, `close`, `remove` na `rename` pamoja na jina la faili. Saa za mistari hiyo zinaweza kuwa nyuma kwa sababu ileile ya swali la 19.

21. Sisi tuna vsftpd (seva ya FTP), na inasema `500 OOPS: vsftpd: refusing to run with writable root inside chroot()`.

Kanuni ni ileile ya swali la 5, kwa sauti nyingine. Ondoa ruhusa ya kuandika kwenye mzizi wa mtumiaji na umpe folda ya ndani. Mtandaoni utashauriwa `allow_writeable_chroot=YES`; inanyamazisha ujumbe na kurejesha hatari iliyozuiwa. Na `530 Login incorrect` kwa akaunti yenye `nologin` hutokana na `pam_shells`: ganda hilo halimo kwenye `/etc/shells`. Ondoa mstari wa `pam_shells` kwenye `/etc/pam.d/vsftpd` badala ya kuiongeza `nologin` kwenye orodha, kwa kuwa orodha hiyo inasomwa na programu nyingine pia.

22. Mkataba na mtumaji umekwisha. Namfungiaje nje kabisa?

`usermod -L` inafunga nenosiri tu; mwenye ufunguo anaendelea kuingia. Na aliyekwishaingia anabaki ndani hata ukifuta kila kitu. Kwa mpangilio huu:

```
chage -E 1 kibosho
mv /etc/ssh/funguo/kibosho /root/kibosho.ufunguo
pkill -u kibosho
```

Thibitisha kwa `ps -u kibosho`. Isirudi na kitu. Ukifika hatua ya kufuta folda yake, endesha kwanza `findmnt -l | grep /srv/sftp/kibosho` na utazame kama kuna folda iliyounganishwa chini ya `/srv/sftp/kibosho`. Kama ipo, `umount` na ufute mstari wake kwenye `fstab`. `rm -rf` haitambui tofauti kati ya folda ya mtumaji na `/data/mnada` iliyounganishwa ndani yake, na itafuta mafaili ya wote.